Baridi, Tope na Dakika Kumi baada ya Mbio: Afya ya Mpanda Baiskeli katika Saiklokrosi ya Ulaya

Utangulizi

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Februari, watazamaji wengi nchini Ubelgiji na Uholanzi hukusanyika pembezoni mwa mashamba, misitu na vilima vya mchanga kutazama mbio za baiskeli ambazo kwa mgeni huonekana kama adhabu. Washindani huzama katika tope, hushuka na kubeba baiskeli begani huku wakikimbia kupanda ngazi au mwinuko unaoteleza, kisha hurukia tena kwenye kiti bila kusimama. Mbio hizo huitwa saiklokrosi. Kilele chake ni majuma mawili ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati mbio hufuatana karibu kila siku, ardhi imelowa kwa mvua, na hewa mara nyingi iko nyuzijoto chache tu juu ya kiwango cha maji kuganda.

Makala haya yanaeleza jinsi baridi na tope vinavyoathiri mwili katika mchezo huu, na hatua ambazo mwanamichezo, msaidizi wake na mhudumu wa afya wanapaswa kuchukua. Hoja yake kuu ni moja: sehemu kubwa ya hatari haipo wakati mwanamichezo anapokanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Ipo katika dakika kumi za kwanza baada ya kuvuka mstari wa kumalizia, na katika siku chache zinazofuata, wakati ambapo kwa kawaida hakuna anayemtazama.

Mbio zenyewe

Saiklokrosi ni mchezo wa zamani. Mashindano ya kwanza ya taifa ya Ufaransa yalifanyika mwaka 1902, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, ambapo Mfaransa Jean Robic aliibuka mshindi. Wanawake walianza kushindania ubingwa wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2025, mjini Liévin, Ufaransa, Mholanzi Mathieu van der Poel alitwaa taji lake la saba na kuifikia rekodi ya wanaume iliyokuwa imewekwa na Mbelgiji Erik De Vlaeminck.

Njia ya mashindano huwa ni mzunguko wa kilomita 2.5 hadi 3.5. Wanaume wa daraja la juu hushindana kwa takriban saa moja, na wanawake kwa takriban dakika hamsini. Tairi haliruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33. Kila mshindani wa daraja la juu huwa na angalau baiskeli mbili: anapoendesha moja, fundi wake huosha nyingine kwa mashine ya maji ya shinikizo, kisha hubadilishana pale tope linapozidi. Washindani kwa kawaida hawabebi chupa ya maji, na mavazi yao ni mepesi na ya kubana, kwa sababu kila gramu na kila mkunjo wa nguo huonekana kuwa mzigo. Mambo haya mawili, wepesi wa mavazi na kuoshwa kwa vifaa, yana maana kubwa kiafya, kama itakavyoonekana.

Mada hii haiko mbali na Afrika Mashariki kama inavyodhaniwa. Septemba 2025 mji wa Kigali ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mwaka 2022 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mbio za Gent-Wevelgem nchini Ubelgiji. Vijana kadhaa kutoka bara hili hupata mafunzo katika kituo cha shirikisho la kimataifa la baiskeli kilichopo Aigle, Uswisi. Aidha, familia zenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi zinazoishi Ubelgiji zinalea watoto katika nchi ambayo mbio za tope ni burudani ya Jumapili. Mhudumu wa afya wa Kigali, Eldoret au Arusha anaweza siku moja kuombwa kumpima kijana kabla ya safari, au kumpokea akirejea na homa.

Mwili kama tanuri

Msuli unaofanya kazi hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo. Sehemu inayobaki huwa joto. Mpanda baiskeli anayetoa wati 250 kwenye pedali huzalisha ndani ya mwili wake joto linalokaribia wati 800 au zaidi. Mtu aliyekaa kitako huzalisha wati zipatazo 100 pekee. Ndiyo maana mshindani aliyevaa nguo nyepesi huweza kutoa jasho huku watazamaji waliojifunika makoti mazito wakitetemeka.

Joto hilo hutoka mwilini kwa njia nne: kwa mguso, kwa upepo unaopita juu ya ngozi, kwa mnururisho, na kwa uvukizi wa jasho na maji. Maji hupitisha joto kwa kasi inayozidi ile ya hewa kwa takriban mara 25. Kwa hiyo nguo iliyolowa jasho, mvua na tope haimkingi mtu, humnyang'anya joto. Upepo huongeza upotevu huo, na mpanda baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe kila anaposhuka mteremko.

Wakati wa mashindano tanuri huwaka kwa nguvu kiasi cha kufidia upotevu huo. Hata hivyo, sehemu za pembeni hazinufaiki sawasawa. Ubongo, ili kulinda moyo na viungo vya ndani, huamuru mishipa midogo ya damu ya vidole, pua na masikio isinyae. Vidole hufa ganzi, na mwanamichezo hushindwa kuminya breki kwa wakati. Baadhi ya ajali katika mbio hizi huanzia hapo: mkono umechelewa kutii.

Dakika kumi za hatari

Anapovuka mstari wa kumalizia, mwanamichezo huacha kukanyaga pedali na tanuri hufifia ghafla. Nguo bado zimelowa, ngozi bado ina jasho, upepo bado unavuma, na akiba ya sukari katika misuli imepungua, kwa hiyo hata uwezo wa kutetemeka umedhoofika. Damu iliyopoa katika miguu na mikono huanza kurudi kwenye kifua, na joto la ndani ya mwili huweza kuendelea kushuka hata baada ya mtu kuondoka kwenye upepo. Katika dakika hizo hizo, mshindi huitwa jukwaani na kwenye mahojiano, na aliyeshindwa husimama pembeni akijadiliana na kocha. Wote wawili wanapoa.

Kushuka kwa joto la mwili hutambuliwa kwa hatua zifuatazo:

1. Hatua ya awali (nyuzijoto 35 hadi 32): mtu hutetemeka sana, hushindwa kufunga vifungo au zipu, huongea kwa kuburuta maneno, hununa au huwa mkali bila sababu.

2. Hatua ya kati (nyuzijoto 32 hadi 28): kutetemeka hupungua au hukoma, mtu huchanganyikiwa, husinzia, na mapigo ya moyo huweza kupoteza mpangilio.

3. Hatua kali (chini ya nyuzijoto 28): mtu hupoteza fahamu, na moyo huweza kusimama.

Tahadhari mbili zinawahusu wahudumu wa afya. Kwanza, kukoma kwa kutetemeka kwa mtu ambaye bado amepoa si dalili ya nafuu. Huenda ni dalili kwamba mwili umeishiwa nguvu za kujitetea. Pili, kipimajoto cha kawaida cha zebaki hakisomi chini ya nyuzijoto 35, na vile vya paji la uso hudanganywa na ngozi iliyopoa. Mahali ambapo hakuna kipimo sahihi, mwenendo wa mtu ndio kipimo: anayejikwaa, anayegugumia na anayejibu maswali ovyo achukuliwe kuwa amepoa hadi ithibitike vinginevyo.

Huduma ya kwanza ni rahisi ikiwa imeandaliwa mapema. Mwanamichezo apelekwe mahali palipokingwa upepo, nguo zote zilizolowa zivuliwe, akaushwe kwa taulo, avishwe nguo kavu pamoja na kofia, kisha afunikwe blanketi. Akiwa na fahamu timamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Ikiwa fahamu zimevurugika, asilazimishwe kutembea wala kunywa. Alazwe chali, ahamishwe kwa upole, na huduma ya dharura iitwe mara moja, kwa sababu moyo uliopoa sana huweza kuvuruga mapigo yake kwa mtikisiko mdogo tu. Mikono na miguu isisuguliwe.

Zipo desturi mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni mafuta ya kuchua yenye viungo vikali kama pilipili, ambayo waendeshaji wengi hupaka miguuni kabla ya mbio. Mafuta hayo huipa ngozi hisia ya moto, lakini hayaongezi joto la mwili hata kidogo. Hisia hiyo huweza kumficha mtu ukweli kwamba anapoa. Ya pili ni pombe. Glasi ya kinywaji kikali hutanua mishipa ya ngozi, humfanya mnywaji ajisikie ana joto, na wakati huohuo humwaga joto la ndani nje ya mwili.

Vidole, na jambo lisiloonekana kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi

Madhara ya baridi kwenye vidole ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni kuganda kwa tishu, ambako hutokea ngozi inapofikia joto lililo chini ya sufuri. Aina ya pili hutokea bila kuganda, pale miguu au mikono inapokaa kwa muda mrefu katika maji au tope baridi. Neva na mishipa midogo huumia, na mtu huweza kubaki na ganzi, maumivu na kuchukia baridi kwa miezi au miaka. Mbio za saa moja pekee ni nadra kuleta aina hii ya pili. Walio hatarini zaidi ni mwanamichezo anayefanya mazoezi ya saa tatu au nne kwenye mvua siku baada ya siku, fundi anayesimama kutwa nzima kwenye tope akiosha baiskeli, na mzazi anayesubiri pembeni akiwa na viatu vilivyolowa.

Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi ya vidole mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe katika mazingira yaleyale. Mishipa ya vidole vyao huelekea kusinyaa kwa nguvu zaidi na kuchelewa kufunguka tena. Hili si udhaifu wala uzembe, na halimzuii mtu kushiriki. Linamtaka avae glavu nene zaidi na soksi kavu za akiba, na asilinganishe uvumilivu wake na wa mwenzake.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la mchunguzi. Maelezo mengi ya kitabibu husema kidole kilichoathirika huwa cheupe au chekundu. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huweza kuonekana kama rangi ya kijivu iliyofifia, au usionekane kabisa. Hivyo mchunguzi asitegemee macho peke yake. Aguse na kuuliza: je, kidole ni kigumu au kina ubaridi usio wa kawaida? Je, mtu anahisi mguso mwepesi? Je, ganzi imeendelea kwa zaidi ya nusu saa baada ya kupata joto? Kidole kilichoganda hurejeshewa joto kwa kutumbukizwa katika maji ya nyuzijoto 37 hadi 39, ilimradi hakuna uwezekano wa kuganda tena muda mfupi baadaye. Maji yapimwe na mtu mwingine, kwa kuwa kidole chenye ganzi huweza kuungua bila mwenyewe kujua. Kisisuguliwe, wala kisikaribishwe kwenye moto.

Mapafu na hewa kavu

Hewa ya baridi hubeba unyevu mdogo. Mtu anayehema kwa kasi kupitia mdomoni hulazimisha mirija ya mapafu ipashe moto na kulowesha hewa nyingi kwa muda mfupi. Mirija hukauka, na kwa baadhi ya watu hubana. Dalili ni kikohozi, kifua kubana na sauti ya mluzi wakati wa kupumua, hasa dakika chache baada ya mbio. Wasio na historia ya pumu nao huweza kupatwa na hali hii, na mara nyingi huambiwa kimakosa kuwa hawana mazoezi ya kutosha.

Kupasha mwili moto taratibu kabla ya mbio hupunguza tatizo. Wenye pumu watumie dawa zao kama walivyoelekezwa. Mwanamichezo wa mashindano azingatie pia kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa: salbutamoli ya kuvuta huruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 katika kila saa nane. Salbutamoli ya vidonge au ya maji ya kunywa, ambayo bado hutumika katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, imekatazwa. Dawa za mafua zenye efedrini au jamii yake nazo huweza kumtia mtu hatiani. Mganga anayeandika dawa hizo amuulize kwanza mgonjwa wake kama anashindana.

Tope si udongo tu

Nyingi ya njia za mbio hizi hupita kwenye malisho ya ng'ombe, kondoo na farasi. Gurudumu la mbele lisilo na madigadi hurusha tope moja kwa moja usoni mwa mwendeshaji na wa yule aliye nyuma yake, na mdomo uliofunguka kwa kuhema hulipokea. Pamoja na tope hilo huingia vimelea vya kinyesi cha wanyama.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika mchezo wa jirani, yaani mbio za baiskeli za milimani. Mwaka 2007 katika jimbo la British Columbia, Kanada, zaidi ya washiriki 200 wa mbio moja waliugua kuhara, na mwaka 2008 huko Wales waliugua zaidi ya 150. Katika matukio yote mawili kimelea kilichobainika kilikuwa bakteria wa kampilobakta, na kumeza tope kulihusishwa moja kwa moja na ugonjwa. Dalili huanza kwa kawaida siku mbili hadi tano baadaye: homa, maumivu ya tumbo, na kuhara ambako huweza kuwa na damu. Wengi hupona kwa kunywa maji na ORS. Mara chache, majuma kadhaa baadaye, huzuka ulegevu wa miguu unaopanda juu, yaani ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao ni dharura.

Kinga yake ni ya kawaida: kutema tope badala ya kulimeza, kusukutua mdomo kwa maji safi mara baada ya mbio, kunawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na kufunika chupa zote zilizo karibu na sehemu ya kuoshea baiskeli. Mashine ya shinikizo hutawanya matone ya tope hewani, hivyo chakula kisitayarishwe jirani nayo. Miwani hukinga macho. Tope likiingia, jicho lioshwe kwa maji mengi safi na lisisuguliwe. Lenzi za kuvaa machoni zilizoguswa na tope zitupwe.

Mchubuko uliojaa tope ni mlango wa pepopunda. Hapa Afrika Mashariki liko pengo ambalo wahudumu wanalifahamu: wanawake hupata dozi za nyongeza za chanjo hiyo wanapokuwa wajawazito, ilhali wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni. Kwa hiyo mwanamichezo wa kiume aulizwe lini alichanjwa mara ya mwisho. Kwa mtu aliyekamilisha dozi za msingi, jeraha chafu huhitaji dozi ya nyongeza iwapo imepita zaidi ya miaka mitano. Ambaye hakukamilisha, au asiyejua, huhitaji tathmini kamili siku hiyohiyo.

Homa iliyosafiri na msafiri

Mwanamichezo aliyetoka Afrika Mashariki akishikwa na homa nchini Ubelgiji mwezi Desemba, kila anayemzunguka atasema ni mafua ya baridi. Huenda ni kweli. Lakini malaria aliyoipata kabla ya kuondoka huweza kujitokeza siku au majuma baada ya kufika, na daktari wa nchi isiyo na malaria huenda asiifikirie. Kuchelewa kwa siku mbili au tatu kunaweza kugharimu maisha. Ujumbe kwa msafiri ni mfupi: homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza ipimwe malaria siku hiyohiyo, na mgonjwa atamke mwenyewe kwamba ametoka eneo lenye malaria.

Selimundu nayo ihitaji kuzingatiwa. Baridi, upungufu wa maji na juhudi kubwa ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana vya maumivu makali kwa wenye ugonjwa huo, hivyo mbio za namna hii haziwafai. Wenye kurithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida huwa na afya njema na wanaweza kushindana, ila wajulikane mapema, waongeze mazoezi hatua kwa hatua, na wasimame mara wanapopata maumivu au udhaifu wa misuli usio wa kawaida. Kipimo hicho kifanyike nyumbani kabla ya safari.

Mambo ya kuandaa

Kabla ya safari: kipimo cha selimundu, chanjo ya pepopunda, tathmini ya pumu, na orodha ya dawa iliyoandikwa na mganga.

Siku ya mbio: glavu mbili, soksi mbili, chakula cha wanga saa chache kabla, na mfuko wa nguo kavu ukabidhiwe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, atakayesimama kwenye mstari wa kumalizia.

Dakika kumi za kwanza: nguo kavu kwanza, kinywaji cha moto pili, kunawa uso na kusukutua tatu. Mahojiano na picha vifuate baadaye.

Juma linalofuata: kuhara, homa, ganzi isiyokwisha au jeraha linalovimba viripotiwe bila kusubiri mbio inayofuata. Wanamichezo wengi hunyamaza kwa kuhofia kuachwa nje ya timu. Wakumbuke kuwa mficha maradhi kilio humfichua.

Hitimisho

Elimu hii haiishii Ubelgiji. Mpagazi wa Kilimanjaro aliyenyeshewa, na dereva wa bodaboda wa Njombe anayeendesha usiku wa Julai akiwa amelowa, wanapoteza joto kwa kanuni zilezile, na huduma wanayohitaji ni ileile: kuondolewa kwenye upepo, kuvuliwa nguo zilizolowa, kukaushwa na kupewa kitu cha moto na kitamu. Katika saiklokrosi, kama kwao, kinachookoa ni maandalizi madogo. Taulo, nguo kavu na mtu mmoja anayesubiri kwenye mstari wa kumalizia vinaweza kuzuia madhara ambayo hospitali kubwa ingehangaika kuyatibu.